Akaunti ya kompyuta ikifutwa kimakosa: hatua za kutafuta picha zilizopotea

Katika ofisi za vikundi, shule, saiba na maduka ya picha kutoka Diani hadi Lunga Lunga, si ajabu kompyuta moja kutumiwa na watu kadhaa, kila mmoja na akaunti yake. Mmoja akihama kazi, au mashine ikianza kujaa, mwenzake huamua kufuta akaunti inayoonekana haina mwenyewe. Baadaye ndipo inagunduliwa kwamba picha zote zilikuwa humo.

Hasara yake si ndogo. Mpiga picha wa ufuoni hukosa kazi ambayo mteja amekwisha kuilipia. Akina mama wanaolima mwani Kibuyuni, au wahifadhi wa mikoko Gazi, wakipoteza picha za miaka iliyopita hawawezi kurudi nyuma kuzipiga tena. Kwa familia, huenda picha ya marehemu ilikuwa hiyo moja tu. Habari njema ni kwamba mara nyingine picha hizo hupatikana, mradi hatua zifuatwe kwa utaratibu.

Kinachotokea ndani ya kompyuta

Kwenye Windows, picha za kila mtumiaji kwa kawaida hukaa katika folda yake, ndani ya folda kuu iitwayo "Users" kwenye diski C. Anayeondoa akaunti kupitia Settings huletewa kitufe cha "Delete account and data", yaani akaunti itafutwa pamoja na vitu vyake. Akikibofya, faili hizo haziendi Recycle Bin, kwa hivyo kuzitafuta huko ni kazi bure.

Hata hivyo, kufutwa si kuteketea. Kwenye diski ya kawaida inayozunguka, kompyuta huondoa kumbukumbu ya mahali faili ilipo na kuihesabu nafasi hiyo kuwa wazi. Ni kama kung'oa vibao vya mipaka shambani huku mihogo ikiwa bado ardhini. Picha yenyewe hubaki mpaka data nyingine iandikwe juu yake.

Diski za kisasa za SSD ni tofauti. Kwa kawaida, faili ikifutwa, kompyuta huijulisha diski kwamba nafasi hiyo haihitajiki tena, nayo diski huisafisha yenyewe. Kwa hivyo uwezekano wa kuokoa picha kwenye SSD ni mdogo, na hupungua kadiri mashine inavyoendelea kuwaka.

Hatua ya kwanza: kompyuta izimwe

Mara kosa linapogunduliwa, kompyuta isitumike tena. Kuvinjari mtandaoni, kutazama video au kupakua programu huandika data mpya juu ya picha zinazotafutwa. Kosa la kawaida ni kufungua akaunti nyingine yenye jina lilelile kwa matumaini kwamba picha zitarudi. Hazirudi. Kila akaunti hupewa nambari yake ya utambulisho, na ile mpya huanza na folda tupu huku ikila nafasi ya diski.

Hatua ya pili: nakala zitafutwe kwingine

Kabla ya kumlipa fundi, mwenye picha aangalie mahali pengine. Kama akaunti iliunganishwa na OneDrive, picha zinaweza kuwa bado mtandaoni, kwa sababu kuondoa akaunti kwenye kompyuta hakufuti kilichohifadhiwa huko. Google Photos nayo huweka picha zilizofutwa kwenye pipa lake kwa siku 60 ikiwa zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni. Memori kadi ya kamera, simu iliyopiga picha na watu waliotumiwa kwa WhatsApp pia waulizwe. Memori kadi iliyofutwa isipigiwe picha mpya, kwani nayo yaweza kuokolewa.

Ikibidi kompyuta iwashwe, kwanza iangaliwe folda ya "Users". Baadhi ya njia za kuondoa akaunti huacha folda ya mtumiaji ikiwa salama, na msimamizi wa kompyuta anaweza kuifungua. Anayeondoa akaunti kupitia Control Panel na kuchagua "Keep Files" huachiwa folda ya picha na hati kwenye deski ya kompyuta. Kwenye Mac, anayefuta mtumiaji huulizwa kama anataka kuhifadhi folda yake. Akikubali, nakala huwekwa ndani ya "Deleted Users".

Hatua ya tatu: programu za kuokoa faili

Njia salama zaidi ni kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine. Programu ya PhotoRec hutolewa bure na hutafuta picha kwa kutambua alama zilizo mwanzoni mwa kila faili. Picha hurudi bila majina yake ya awali, kwa hivyo kuzipanga huchukua muda.

Microsoft nayo ina Windows File Recovery, iliyotolewa mwaka 2020, ambayo pia ni ya bure. Hutumia amri za kuandika. Kwa mfano, kutafuta picha za JPG kwenye diski C na kuzihifadhi kwenye diski E, amri ni: winfr C: E: /extensive /n *.jpg

Kanuni moja haivunjwi: programu isiwekwe kwenye diski ileile iliyopoteza picha, wala picha zinazookolewa zisihifadhiwe humo. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake utahitajika kwanza.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Bei ikubaliwe mapema, pamoja na kitakacholipwa endapo hakuna kitakachopatikana. Fundi aelezwe wazi kwamba akaunti ilifutwa, asije akaiweka Windows upya. Picha za watu ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Shule, kikundi au ofisi yenye picha za watoto au wagonjwa ina wajibu wa kuhakikisha hazinakiliwi ovyo.

Kinga

Wapiga picha wengi hufuata kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Huku pwani, chumvi ya baharini na unyevu huharibu vifaa. Diski ya nje na flashi zihifadhiwe kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu. Nakala ya pili yaweza kukaa kwa jamaa Kinango, na ya mtandaoni ikaanzia kwenye GB 15 za bure za Google.

Kwa vikundi na ofisi, mtu mmoja apewe jukumu la msimamizi wa kompyuta, na wengine wawe na akaunti za kawaida zisizoweza kufuta akaunti nyingine. Akaunti yoyote isiondolewe kabla mwenyewe hajaulizwa, folda yake haijafunguliwa na nakala haijachukuliwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nayo ni rahisi kuliko kutafuta kilichokwisha kufutwa.