SOMO: DELTA YA RUFIJI NA MIKOKO YAKE

Mto Rufiji ukaribiapo Bahari ya Hindi, mkabala wa kisiwa cha Mafia, hugawanyika kuwa matawi mengi, na kati yake umeota msitu mkubwa wa mikoko. Tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar.

Miti hiyo haioti ovyo. Mlilana husimama mbele, penye mawimbi na chumvi. Mkoko, wenye mizizi iliyotanuka kama miguu ya buibui, hushika tope la kandokando ya vijito. Msikundazi hukaa nyuma, chumvi inapopungua. Kamba hutaga baharini, lakini wachanga wao huingia baina ya mizizi kujilisha na kujificha. Hivyo wavuvi wapimapo kamba kwenye mizani, hupima pia, kwa namna fulani, afya ya msitu.

Mkulima wa mpunga naye ana hoja: msitu ukifyekwa, shamba hustawi. Taabu huja miaka michache baadaye, magugu na kaa wanapomshinda, naye huenda kufyeka kwingine. Chama chenye wavuvi na wakulima pamoja hakina budi kuweka mezani hesabu zote mbili: magunia ya msimu huu, na kamba wasiopata tena mahali pa kukulia.