KIJANA, HUNA HELA: JE, NA THAMANI HUNA?

Soma kwanza: 1 Wafalme 19:1-8, Marko 1:40-42

Kijana mwenzangu, hebu jiulize maswali haya. Je, usiku unalala? Au unageuka-geuka kitandani ukipiga hesabu ya kodi ya chumba na deni la dukani? Je, umeanza kupita njia ya nyuma ili usikutane na watu? Je, umewahi kusema moyoni, "Heri nisingezaliwa"? Basi somo hili ni lako. Usilitupe. Likunje, tia mfukoni, usome ukiwa peke yako.

1. UMASKINI UNAINGIA HADI KICHWANI

Watu husema maskini ni maskini kwa sababu hana akili. Huo ni UONGO, tena umepimwa. Mwaka 2013 jarida la Science lilitoa utafiti juu ya wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wakulima wale wale walipewa mtihani wa kufikiri mara mbili: kabla ya mavuno, wakati hela imekwisha na vitu vimewekwa rehani, na baada ya mavuno, wakati wamelipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya. Baada ya mavuno walifanya vizuri. Mtu ni yule yule! Kilichobadilika ni mzigo. Kichwa kilichojaa hesabu ya unga wa leo kinabaki na nafasi ndogo ya kuwaza kesho.

Na huko Rarieda, magharibi ya Kenya, familia maskini zilipewa fedha bila masharti. Matokeo yakatolewa mwaka 2016: chakula kiliongezeka nyumbani, na huzuni ikapungua pia. Kwa hiyo usijilaumu kwamba wewe ni mzembe au dhaifu. Unabeba kitu kizito kweli.

2. ULIMI WA WATU UNAONGEZA JERAHA

Jeraha la kwanza ni njaa. La pili ni jina unalopewa. Mtaani mtu akilemewa utasikia, "Huyo wa kupelekwa Mirembe." Mirembe ni hospitali ya Dodoma inayotibu watu, lakini sisi tumeifanya tusi! Wengine watasema amerogwa, wengine ana pepo, wengine kajitakia. Mwenye shida akisikia hayo ananyamaza. Kijiweni anazuga, anacheka na washkaji. Akirudi chumbani analia.

Aibu hiyo ndiyo inayomzuia kwenda zahanati. Hata sheria ilishiriki. Kenya, sheria ya tangu ukoloni ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinavunja Katiba.

3. ELIYA NAYE ALICHOKA

Sasa angalia Eliya. Juzi tu ameomba na moto umeshuka. Leo yuko jangwani, amekaa chini ya mti, anaomba afe! Je, Mungu alimkemea? Alimwambia ana pepo? Hapana. Alimwacha alale. Akampa mkate na maji. Akamwacha alale tena, akampa chakula mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye, na baada ya maneno akapewa mwenzake wa kazi, Elisha. Usingizi, chakula, mtu wa kusema naye, mwenzake wa njiani. Ndivyo Mungu alivyomhudumia nabii aliyekata tamaa.

Tazama na yule mwenye ukoma. Watu walimtenga, hakuna aliyemsogelea. Yesu alinyosha mkono AKAMGUSA angali bado mgonjwa. Wewe unayemcheka mwenzako, umejifunza wapi?

4. BENCHI LA BIBI

Zimbabwe yupo daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda. Mgonjwa wake mmoja, msichana, alijiua. Mama yake alieleza kwamba walikosa nauli ya kwenda hospitali, dola 15 tu. Dola 15! Daktari akaona kwamba msaada lazima umfuate mtu alipo. Mwaka 2006, mtaa wa Mbare, Harare, alianza na akina bibi 14 na benchi.

Bibi wa benchi hagawi hela. Anasikiliza. Washona wana neno, "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, na bibi anatumia neno hilo hilo la nyumbani. Kisha wanataja matatizo yote, wanachagua MOJA, wanapanga hatua moja. Utafiti wa watu 573 katika kliniki 24 ulitolewa mwaka 2016: baada ya miezi 6, waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

5. FANYA HIVI LEO

(a) Mwambie mtu mmoja unayemwamini: bibi, shangazi, rafiki, mchungaji. Sema ukweli wote.

(b) Andika shida zako kwenye karatasi. Chagua moja. Anza na hiyo kesho asubuhi.

(c) Nenda zahanati. Usidanganywe kwamba dawa na maombi vinapigana. Luka alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

(d) Gongo na bangi hazilipi deni. Ukizinduka mzigo upo pale pale, na hela imepungua.

(e) Kama unawaza kujiua, USILALE PEKE YAKO USIKU WA LEO. Gonga mlango, amsha mtu, umwambie waziwazi. Hata ikiwa saa nane usiku.

Na wewe ambaye mambo yako yanakwenda, kesho mtafute yule aliyeacha kuja kijiweni. Usimpe jina. Kaa naye, mle pamoja, umsikilize mpaka amalize.

Kijana, mfuko kuwa mtupu haukufanyi wewe kuwa mtupu. Bwana aliyempikia Eliya mkate jangwani anakujua kwa jina lako, na hajakuaibikia.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.