Tembo Lililobaki Lisimwagwe: Namna ya Kupata Siki Iliyotakata

Kila mwenye minazi aijua hasara hii. Mgema ateremsha tembo asubuhi, wanunuzi wachukua kiasi, na lililobaki jioni limekwisha kuwa kali. Kesho yake halina mnywaji, lamwagwa. Na mgema hana budi kulipwa. Tembo hilo hilo laweza kufanywa siki, ambayo hukaa miezi mingi bila kuharibika.

Lakini iko shida moja. Tembo hunywewa likiwa jeupe wala hakuna anayelalamika. Siki si hivyo. Ukiipeleka soko la Kongowea, hapa jirani na Frere Town, ikiwa imevurugika, mnunuzi ataitilia shaka.

Weupe huo ni nini?

Ni chachu, yaani vijidudu hai visivyoonekana kwa macho. Chachu hula sukari ya utomvu wa mnazi, ikatoa kileo na hewa. Maadamu hewa yapanda, huinua chachu pamoja nayo, haitulii chini. Joto la pwani na kutikiswa kwa chombo huzidisha taabu hiyo. Katika miaka ya 1860 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alionyesha kwamba chachu ni kitu hai, na kwamba siki nayo hufanywa na vijidudu vya namna nyingine, vinavyotaka hewa.

Basi kazi hizi ni mbili, na kila moja ina zamu yake: kwanza takasa tembo, ndipo ulifanye siki. Wanaozichanganya ndio wapatao siki nyeupe.

Fanya hivi

1. Tumia tembo lisilotiwa maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tembo la maji hutoa siki dhaifu. Lichuje kwa kitambaa safi, uondoe wadudu na takataka.

2. Litie katika dumu safi la plastiki ya chakula, au chupa kubwa ya kioo. Usitumie debe la bati, shaba wala aluminiamu, kwa maana ukali hula madini hayo. Dumu lililowahi kutiwa dawa ya shamba lisitumike kamwe.

3. Legeza kifuniko ili hewa itoke. Usitie tembo linalotoa mapovu katika chupa na kuikaza: chupa yaweza kupasuka na kumjeruhi mtoto.

4. Weka dumu kivulini, mahali penye baridi kuliko pote ghalani, ulifunike gunia lenye maji. Liache siku 7 bila kulisogeza. Mapovu yakiwa hayajakoma, ngoja siku 5 zaidi. Usilikoroge kuharakisha, kukoroga huinua mashapo na kukurudisha mwanzo.

5. Pandisha dumu juu ya meza polepole. Jaza mpira mwembamba maji yaliyochemshwa, uvute kwa huo sehemu ya juu tu. Ncha ya mpira ikae vidole vitatu juu ya mashapo. Acha kidogo chini. Tamaa ya kikombe cha mwisho huharibu dumu zima.

6. Sasa mimina katika chombo chenye mdomo mpana. Kwa kila lita 4 ongeza lita 1 ya siki ya zamani isiyochemshwa. Funika kwa kitambaa, hewa ipite na nzi wasiingie. Utando utatanda juu: usiuvunje. Onja baada ya wiki 4. Yaweza kuhitaji zaidi.

7. Ikisha kuwa kali, ivute kutoka chini ya utando, uichuje. Ipashe moto katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu hadi mvuke uanze kupanda, isichemke. Ijaze katika chupa safi ingali moto, uzibe. Moto huu huua vijidudu, weupe usirudi.

Jaribu kabla ya kuuza

Weka chupa mbele ya gazeti penye mwanga. Ukiweza kusoma herufi kupitia siki, imetakata. Usipoweza, iache itulie wiki mbili, kisha uivute tena.

Siki ya dukani kwa kawaida ina ukali wa sehemu 4 au 5 katika 100. Usiyoipima itumie kwa kachumbari na samaki wa kuliwa siku hiyo, si kwa achari ya kuweka. Mwenye kutaka kuuza kwa chupa zenye jina lake yampasa kwanza apate alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Na kumbuka, kuuza tembo lenyewe kama kileo kwataka leseni.

Anza na dumu moja. Andika tarehe juu yake, ujue siku ulizongoja. Hapa kazi kubwa ni subira, na subira hainunuliwi.