SOMO LA KILIMO: MAJI YA KISIMA HUANZIA SHAMBANI

Visiwa vya Unguja na Pemba havina mto utokao nchi nyengine kuviletea maji. Kila tone linalonywewa, linalopikiwa na linalomwagilia mchicha na tungule lilishuka kwanza likiwa mvua ya masika au ya vuli juu ya ardhi ya visiwa hivi hivi. Kwa hiyo mkulima anayeiacha mvua ikimbilie baharini, na jirani yake anayelalamika kwamba kisima kimekauka, wana shida moja. Somo hili limekusudiwa kuwaeleza wakulima, wenye bustani na wananchi wote uhusiano uliopo baina ya jembe na ndoo.

Maji hukaa wapi

Sehemu za magharibi na za kati za Unguja zina udongo wa kina, ukiwemo ule mwekundu uitwao kinongo. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, yaani mawe ya matumbawe yenye udongo haba na nyufa nyingi. Mvua hupenya katika udongo na nyufa hizo, ikajikusanya chini. Vijito kadhaa vya Unguja navyo hupotea ardhini kabla ya kuifikia bahari. Maji hayo ndiyo yatokayo katika visima na chemchem, na ndiyo yaliyopelekwa mjini kwa mabomba katika zama za Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888.

Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari. Kwa sababu hiyo huelea juu yake chini ya kisiwa, mfano wa samli juu ya mchuzi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na mita zipatazo 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kinyume chake pia ni kweli: maji yakishuka kwa sentimita 10 tu, mpaka wa chumvi huweza kupanda kiasi cha mita 4. Hapo ndipo ilipo hatari. Pampu yenye nguvu ikivuta mahala pamoja kwa saa nyingi, chumvi hupanda chini yake. Na kisima kilichokwisha kuingiwa na chumvi huweza kuchukua miaka kurejea utamu wake, hata kama pampu imezimwa.

Wananchi wa Zanzibar walihesabiwa kuwa 1,303,569 mwaka 2012, na 1,889,773 mwaka 2022. Wachotaji wameongezeka, lakini ardhi inayoipokea mvua haikuongezeka hata shibiri moja, na sehemu yake imefunikwa kwa nyumba, barabara na saruji. Ndiyo maana shamba lililobaki lina kazi kubwa kuliko zamani.

Kuipokea mvua

Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya eka moja huleta lita zipatazo 40,000. Shamba la eka tatu, mfano wa yale waliyogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, hupokea zaidi ya lita 120,000 kwa mvua hiyo moja. Likiwa tupu na limelimwa kufuata mteremko, maji hayo huondoka pamoja na udongo wenye rutuba. Likitunzwa, sehemu kubwa huzama.

Kwanza, udongo usiachwe uchi. Majani makavu na mabua yatandazwe baina ya mimea badala ya kuchomwa moto. Makumbi ya nazi yakizikwa katika mashimo kando ya miche hushika unyevu kwa muda mrefu.

Pili, matuta yakate mteremko, yasiufuate. Ili kupata usawa, mkulima hahitaji chombo cha kununua. Miti miwili yenye urefu sawa, kiasi cha mita 2, hufungwa pamoja juu na kutanuliwa chini. Mti wa tatu hufungwa katikati kuiunganisha. Na kamba yenye jiwe huning'inizwa kutoka kileleni. Chombo husimamishwa, na pale kamba inapokata mti wa katikati hutiwa alama. Kisha miguu hubadilishana nafasi, na alama ya pili hutiwa. Nusu ya masafa baina ya alama hizo ndipo penye usawa. Mkulima huendelea kukivuka kilima mguu kwa mguu, akipigilia vigingi kila kamba inapotulia katika alama ya usawa. Tuta hufuata vigingi, na majani ya tembo au mchaichai hupandwa juu yake ili mizizi ilishike.

Tatu, miti iliyo kandokando ya chemchem na vijito isikatwe, na mikandaa ya pwani ihifadhiwe. Katika Pemba yapo mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya bahari, na wenyewe wanajua uzito wa hasara hiyo.

Kuyatumia na kuyalinda

Mboga zimwagiliwe asubuhi au jioni, kwenye shina, wala si wakati wa jua kali. Ncha za majani zikiungua na chumvi nyeupe ikionekana juu ya udongo, pampu ipumzishwe na ushauri utafutwe. Ni bora kuchota kidogo kidogo kuliko kuvuta kwa pupa.

Choo kisichimbwe karibu na kisima. Masafa yasipungue mita 30, na katika maweni yazidi, kwani nyufa hupitisha uchafu upesi. Dawa za wadudu zisichanganywe wala mabomba ya kupulizia yasioshwe penye kisima.

Wakaazi wa mjini nao wana sehemu yao. Paa la mita za mraba 50 hukusanya hadi lita 500 kwa mvua ya milimita 10. Maji hayo yakitiwa tangini hutosha kumwagilia bustani ndogo kwa siku kadhaa, na kisima kikapumzika.

Wakulima wanaotaka kuoneshwa kazi hizi waonane na Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lao kupitia kwa Sheha, ikiwezekana kabla ya masika, wakati matuta bado yanaweza kutengenezwa. Anayekusudia kuchimba kisima kirefu aanzie kwa Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2006. Maji yaliyo chini ya shamba la mtu hayaujui mpaka wa shamba hilo: anayeyaharibu huwaharibia na wenziwe, na anayeyahifadhi huwahifadhia wote.