Jina la Mtoto: Je, Mmeulizana Maana Yake?



Tuseme mnaishi Ganjoni, na mtoto wenu wa kwanza yu karibu kuzaliwa. Baba amechagua Barack. Mama anataka jina la marehemu babake. Siku ya tatu sasa mnakula kimya.

Kabla ya kushindana, ulizaneni kila jina limetoka wapi. Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, kuna watoto waliozaliwa Kisumu wakaitwa Barack. Lilionekana jina geni, la kisasa. Kumbe asili yake ni Kiarabu, shina lile lile lililotupatia neno "baraka". Mama amekuwa akilitamka kila siku bila kujua.

Lakini maana nzuri haitoshi. Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 haidai jina la mtakatifu. Inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Linalobaki ni kupatana. Mmoja akilazimisha, mwenzake atakumbuka kushindwa kwake kila amwitapo mtoto.

Leo jioni, kila mmoja aeleze kwa nini analipenda jina lake. Mwenzake asikilize bila kumkatiza. Huenda mtoto akayabeba yote mawili.