Kamera Inapogoma Kutoa Lenzi: Somo kwa Wakaazi wa Wadi

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio ya Capital Art katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na picha zilizopigwa kwa kamera zake zingali ni kumbukumbu ya sura, harusi na mitaa ya Unguja. Katika kamera nyingi za zama zile, mpiga picha aliisogeza lenzi kwa mkono wake mwenyewe. Kamera ndogo ya dijitali ya leo husogezewa lenzi na mota ndogo mno, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Bibi harusi ameshaketi, kamera inawashwa, lenzi inatoka nusu, inasaga, kisha skrini inaonesha ujumbe wa hitilafu ya lenzi na kamera inajizima. Kwa kijana anayeishi kwa kupiga picha, hiyo ni riziki iliyopotea. Kwa wenye shughuli, ni siku isiyorudi.

Sababu za hitilafu

Kamera ndogo inapowashwa, mota huzungusha vijigurudumu vya meno vinavyosukuma bomba la lenzi nje. Kompyuta ya ndani hukagua iwapo bomba limefika mahali pake. Lisipofika, kamera hujizima ili mota na meno yake visiharibike. Kwa hiyo ujumbe ule ni kinga, wala si dalili kwamba kamera imekufa. Mara nyingi kinachozuia bomba ni punje ya mchanga, betri dhaifu au athari ya kuanguka. Mchanga mweupe wa Paje na Jambiani ni laini kama unga, na upepo wa kusi huurusha hadi ndani ya mikoba. Vivyo hivyo vumbi la Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, na rasharasha za maji ya chumvi kandokando ya Forodhani.

Hatua za kufuata

Kwanza, ziokolewe picha. Hitilafu ya lenzi haigusi kadi ya kumbukumbu. Kamera izimwe, betri itolewe, kisha kadi itolewe na picha zinakiliwe kwenye kompyuta kabla ya jaribio lolote.

Pili, betri ichajiwe hadi ijae. Betri dhaifu huweza kuwasha skrini lakini ikakosa nguvu ya kusukuma lenzi. Kamera iachwe bila betri kwa dakika chache, kisha irudishiwe na kuwashwa ikiwa haikuzuiwa na mkoba wala kidole.

Tatu, ijaribiwe kwa kitufe cha kutazamia picha. Kamera nyingi huwaka kwa kitufe hicho bila ya kutoa lenzi. Ikiwaka vizuri, basi mitambo mingine huenda ni mizima na tatizo limebaki kwenye lenzi.

Nne, mchanga uondolewe. Kamera ishikwe lenzi ikitazama chini, na upenyo unaolizunguka bomba upulizwe kwa kipulizio cha mpira na kupitishwa brashi laini. Asipulize mtu kwa mdomo, kwani mate huganda kwenye kioo. Wala isitumike pampu ya upepo wa magari, kwani nguvu yake husukuma mchanga ndani zaidi.

Kwa kamera kubwa ambayo lenzi yake huvuliwa, kamera izimwe, lenzi ivuliwe, na vidoti vya madini vinavyopitisha umeme kati ya lenzi na kamera vipanguswe kwa kitambaa laini kikavu. Kisha ijaribiwe lenzi nyengine inayolingana. Kamera ikifanya kazi kwa lenzi hiyo, fundi ataanza na ile ya awali.

Mambo ya kuepuka

Bomba lisivutwe wala kusukumwa kwa nguvu, kwani meno ya plastiki yakivunjika, tatizo dogo huwa gharama kubwa. Mafuta ya aina yoyote yasitiwe; huenea kwenye kioo na kunasa mchanga. Zaidi ya yote, kamera yenye flashi isifunguliwe nyumbani. Ndani yake mna kifaa kinachohifadhi umeme wa flashi, ambao hukaribia volti 300 na huweza kubaki hata betri ikishatolewa.

Kamera iliyoingia maji ya bahari isiwashwe kabisa. Betri itolewe, sehemu za nje zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji matamu, na ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi hula madini upesi. Kuizika ndani ya mchele hakuondoi chumvi, na unga wa mchele huingia kwenye lenzi.

Kinga

Joto na unyevu wa kisiwani, hasa wakati wa masika, huotesha kuvu kwenye vioo vya lenzi. Kamera ihifadhiwe katika chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, kama vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Inapotolewa katika chumba chenye kiyoyozi, iachwe ndani ya mkoba uliofungwa kwa muda wa nusu saa au zaidi hadi ipate joto la nje. Vyenginevyo lenzi hufunikwa na ukungu wa maji.

Hatua zote nne zikishindikana, mwenye kamera aulize gharama kabla ya kuiacha kwa fundi, ailinganishe na bei ya kamera nyengine, na apewe risiti. Betri iliyovimba isitumike tena, isitobolewe wala kuchomwa pamoja na taka, kwani huweza kulipuka.

Mwenye kazi ya harusi au mahafali ya skuli ajaribu kamera yake siku moja kabla, wakati ambapo bado anaweza kuazima nyengine.