Ukungu Hauoshi Moshi wa Mjini

Watu wengi hudhani ya kuwa ukungu huisafisha hewa, kwa sababu ukungu ni maji, na maji ni kitu cha kuoshea. Dhana hiyo yaweza kumdhuru mtu. Katika mji wenye moshi mwingi, ukungu huweza kuufanya moshi ule kuwa mbaya kuliko ulivyotoka katika dohani, na mwezi wa Desemba mwaka 1952 maelfu ya watu walikufa kwa jambo hilo katika mji wa London, Uingereza.

Yafaa kwanza kuzifahamu chembe zenyewe. Moshi wa kuni, wa makaa na wa motokaa umejaa chembe ndogo mno. Zile ambazo waganga huziogopa zaidi hazizidi mikroni mbili na nusu kwa upana, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una upana wa mikroni 70 hivi. Vumbi kubwa la barabarani hunaswa puani na kooni. Chembe hizi hupita, zikafika ndani kabisa ya mapafu.

Nyingi katika hizo hupenda maji. Kila mama wa nyumbani huko Mombasa ameona jinsi chumvi inavyolowa kibakulini wakati wa masika, ingawa hakuna aliyeitia maji. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huo ukifika kiasi cha 75 kwa mia, chumvi huyeyuka ikawa matone. Chembe za salfeti zilizomo katika hewa ya mji hufanya vivyo hivyo: hunywa maji, hufura, na zikiisha kufura huutawanya mwanga kuliko zilipokuwa kavu. Ndiyo sababu mji huonekana umefunikwa na utusitusi asubuhi yenye unyevu, hata ikiwa moshi uliotoka ni kiasi kile kile cha jana.

Unyevu ukizidi zaidi, ukungu wenyewe hutokea. Yapata mwaka 1880, John Aitken wa Scotland alitwaa vyombo viwili vya kioo, kimoja chenye hewa ya kawaida, na cha pili chenye hewa iliyochujwa kwa pamba. Alipoingiza mvuke, chombo cha kwanza kilijaa ukungu mzito. Cha pili kilibaki cheupe. Basi tone la ukungu hushika juu ya chembe fulani, na bila chembe mvuke hauna pa kukaa.

Hayo ndiyo yaliyoufika mji wa London tangu tarehe 5 mpaka 9 Desemba, 1952. Baridi ilikuwa kali, na kila nyumba ilikoka moto wa makaa ya mawe. Upepo ulikoma, na hewa yenye joto ililala juu ya hewa baridi kama kifuniko juu ya sufuria, moshi usipate njia ya kupanda. Mabasi yalisimama kwa kuwa madereva hawakuiona njia, na mchezo wa kuimba ulikatizwa kwa sababu watazamaji hawakuweza kuwaona waimbaji, ingawa walikuwa ndani ya nyumba!

Lakini giza silo lililoua. Makaa ya mawe yakiungua hutoa gesi ya kiberiti, na gesi hiyo ikiingia katika tone la ukungu hugeuka kuwa asidi, ya jinsi ile ile inayotiwa katika betri ya motokaa. Ilikadiriwa kwamba kila siku tani 370 za gesi hiyo ziligeuka kuwa tani 800 za asidi. Katika mwaka 2016 wataalamu walieleza kwamba gesi ya naitrojeni, itokayo pia katika makaa yanayoungua, ndiyo iliyosaidia mageuzi hayo ndani ya matone. Na matone yalipokauka, yaliacha chembe zenye asidi kali zaidi. Wazee, watoto wachanga na wenye maradhi ya kifua walikufa kwanza. Hapo mwanzo ilihesabiwa ya kuwa watu 4,000 walikufa. Uchunguzi wa baadaye ulifikisha hesabu hiyo kwenye 12,000. Sheria ya kupunguza moshi ilipitishwa Uingereza mwaka 1956.

Mawingu nayo yana kazi hiyo hiyo. Mvua ikinyesha, chembe zilizokuwa kiini cha matone hushuka nayo, na hewa hupata nafuu ya kweli. Walakini mawingu mengi hutoweka bila ya mvua, na chembe hubaki angani nzito kuliko zilivyokuwa, kwa sababu ya salfeti iliyoongezeka ndani ya tone.

Maji hayo huwapotosha hata wapimaji. Vyombo vya bei nafuu vinavyopima chembe kwa mwanga huonyesha hesabu kubwa mno wakati wa ukungu, maana huhesabu maji pamoja na moshi. Kwa hiyo katika vituo vya kupimia hewa chembe hunaswa katika chujio, nalo huwekwa katika chumba chenye unyevu mdogo uliopimwa, ndipo hutiwa katika mizani.